Tochi ya Virginia, leseni ya Ohio

Mpwa wangu anaendesha lori Dar hadi Tunduma, na anafanya mipango ya kuja Marekani. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, ukipigwa tochi ya mwendo kasi jimbo la mbali si unajiondokea tu? Nani atakufuata hadi nyumbani?" Nakujibu wewe, mpwa, na nawajibu pia walionuna mwaka jana nilipoacha kutuma hela miezi miwili.

Naishi Columbus, Ohio. Nilikuwa natoka msibani usiku, barabara ya I-81 huko Virginia. Mwisho ni maili 70 kwa saa, mimi nilikuwa na 82, yaani kama kilomita 132. Askari alikuwa mpole. Yale maneno ya "tuyamalize hapa, afande" huku usiyatamke, utajiongezea kesi. Akanipa tiketi, yaani karatasi ya kosa yenye jina la mahakama na tarehe, nami nikaisukumia kwenye droo ya gari, chini ya risiti za mafuta. Mahakama yenyewe iko mwendo wa saa sita kutoka kwangu. Nikajisemea, yameisha.

Hapo ndipo nilipokosea. Tangu 1977 majimbo mengi yana mkataba: ukipuuza tiketi ya jimbo mwanachama, wanaliandikia jimbo lako, nalo linakufungia leseni mpaka umalizane na mahakama ile. Barua ikanifuata hadi mlangoni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee wa kwanza namwamsha saa kumi na mbili asubuhi, na mtaa ule hauna basi. Kuendesha na leseni iliyofungiwa ni kosa zito kuliko mwendo kasi wenyewe. Nikakaa bila kazi. Hela yenu ndiko ilikoenda, na sikusema kwa sababu niliona aibu.

Faini ilikuwa ndogo kuliko yote yaliyofuata: gharama za mahakama, ada ya kufunguliwa leseni, kisha bima ikapanda. Tena kulipa faini ni kukiri kosa, na kosa hilo huripotiwa kwenye jimbo lako. Majimbo hayafanani, kweli. New York haiandiki makosa ya kawaida ya mwendo ya majimbo mengine kwenye rekodi ya dereva wa gari dogo. Lakini ukiipuuza tiketi, leseni ya New York nayo hufungwa.

Sasa wewe wa lori. Sheria yenu ni ya nchi nzima. Ukizidisha maili 15 au zaidi, mara mbili ndani ya miaka 3 ukiwa na lori, hata kama ni majimbo mawili tofauti, unasimamishwa kuendesha malori siku 60. Mara ya tatu, siku 120. Mwajiri lazima umjulishe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kutiwa hatiani. Na Virginia ipite kwa adabu: ukivuka maili 85, au ukizidi kikomo kwa 20, ni jinai, kifungo hadi miezi 12 na faini hadi dola 2,500. Kwa mgeni mwenye makaratasi ya uhamiaji, hapo tafuta wakili mapema.

Ukipewa karatasi, soma tarehe ya mahakama kabla hujaondoa gari, kisha nipigie siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.