Aliyepita kwa mpiga ramli kabla ya kuja kwako

Wadogo zangu mnaoanza unasihi, hamtakaa sana kabla hajaja mtu aliyekwishapita kwa mpiga ramli. Msimcheke. Mimi nilicheka, tena kimoyomoyo, na bado akaniona.

Alikuwa mama wa makamo, hapati usingizi. Nilikuwa nimeinamia fomu: umri, dini, idadi ya watoto. Akasema, "Mwanangu, yule mzee aliniuliza jina langu na la mama yangu, akatandaza mchanga, akanyamaza. Kisha akanitazama, akasema nimebeba jambo ambalo sijamwambia mtu. Wewe hujaniangalia bado." Nikaweka kalamu chini.

Hilo la "umebeba jambo" lingemwingia yeyote. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwagawia wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mtu akidhani ameandikiwa peke yake. Wakayapa usahihi wa wastani wa takriban 4.3 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maneno yaleyale, mengi yameokotwa kwenye kitabu cha nyota. Nanyi mtaonja utamu huo, maana mteja akishangaa unajiona fundi. Jizuieni. Mpiga ramli akikiri amekosea, biashara imekufa. Wewe sema ulivyomwelewa, halafu muulize kama ndivyo. Akikukosoa, shukuru, kazi imeanza.

Ila mzee yule alinishinda kwa jambo moja. Carl Rogers, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba haitoshi mshauri aingie katika hali ya mteja. Sharti mteja mwenyewe alione hilo, walau kidogo. Mama yule kwangu aliona utosi.

Nikamuuliza kama baada ya ramli alilala. "Siku tatu," akasema. Nakubali. Alikwenda na imani, akapewa jibu, moyo ukatulia. Lakini jibu lenyewe lilikuwa wifi yake, eti ndiye mbaya wake, na tangu hapo nyumba mbili hazisalimiani. Usingizi ukakatika tena, safari hii na ugomvi juu. Sikumwambia mzee ni mwongo. Angemtetea saa nzima. Nilimweleza tutakutana mara ngapi na tutafanya nini, naye apate cha kushika.

Kikao cha nne akanitajia jambo alilolibeba. Halikuhusu wifi, na mimi nisingelibahatisha hata kwa mwaka mzima.