Mama Masjala Anajibu: Nani Kafa, Nani Yupo?

Mwezi huu nimechagua barua zinazohusu tamthilia moja tu, The Walking Dead ya Marekani, ya watu wanaokimbizana na mazombi, iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 31, 2010 na kumalizika Novemba 20, 2022, baada ya misimu 11 na episodi 177. Wengi wenu ndiyo kwanza mnaifikia, na swali lenu ni lilelile: hesabu ya waliokufa na waliobaki mtu aitunze vipi? Nimestaafu kazi ya masjala ya hospitali, na kumbukumbu za vifo ndizo zilizonilea kikazi, kwa hiyo nalijibu kwa moyo wote. Asiyetaka kujua mapema nani anakufa, ukurasa huu auweke mpaka amalize kuangalia.

*

Shikamoo Mama Masjala. Tunaangalia The Walking Dead bweni zima, na mimi ndiye karani wa wenzangu. Merle nilimwandika kuwa amekufa tangu msimu wa kwanza. Tumefika msimu wa tatu, huyu hapa, mkono mmoja, yuko kwa yule adui Gavana! Wananicheka. Daftari nilipange vipi?
Karani wa bweni, Iringa

Marahaba mwanangu. Usichane ukurasa. Merle aliachwa amefungwa pingu juu ya paa la duka mjini Atlanta, na wenzake waliporudi kumchukua walikuta mkono uliokatwa, mwenyewe hayupo. Mkono si maiti. Kazini kwetu jina liliandikwa kwa penseli mpaka daktari athibitishe, kalamu ikafuata. Nawe fanya hivyo. Kurasa za nyuma kabisa ziache kwa ajili ya watu wasiojulikana walipo, na Merle angekaa huko kwa penseli tangu siku ile.

Sasa chora safu tano: jina, msimu na episodi, kilichomuua, aliyemzuia asiinuke, na mwisho, umeona kwa macho yako au umesadiki tu. Watu huandika tatu za mwanzo wakaishia hapo, na hapo ndipo tamthilia yenyewe inapowapita. Humu mtu hufa mara mbili. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Daktari Jenner alimnong'oneza Rick, kiongozi wa kundi, jambo sikioni, na Rick akalibeba peke yake msimu mzima kabla ya kuwaambia wenzake: wote wameshaambukizwa. Si lazima ung'atwe. Ukifa kwa kisu, kwa homa, kwa uzazi, utaamka zombi isipokuwa mtu aharibu ubongo wako. Na mtu huyo mara nyingi ni wa nyumbani kwako.

Ijaze safu ya nne uone. Amy aling'atwa usiku kambini, nje ya Atlanta. Aliyempakata mpaka akafumbua yale macho mengine, kisha akampiga risasi, ni dada yake Andrea. Mtoto Sophia alitafutwa tangu mwanzo wa msimu wa pili, na katika episodi ya 7 akatoka ghalani kwa Hershel, mzee mwenye shamba, akiwa zombi. Wanaume wenye bunduki wakaganda. Aliyesogea ni Rick. Shane alichomwa kisu na rafiki yake Rick, alipoinuka akapigwa risasi na Carl, mtoto wa Rick. Lori, mke wa Rick, alifia gerezani walikokimbilia, akijifungua, msimu wa 3, episodi ya 4, na safu ya nne inasema Carl, mwanawe wa kumzaa, ambaye hata ndevu hajaota. Merle wenu naye, niwie radhi kwa kukutangulia, atauawa na Gavana katika episodi ya 15, lakini utakayemwandika kwenye safu ya nne ni Daryl, mdogo wake. Angalia anavyomsukuma, anamsukuma tena, analia, kabla ya kuweza kunyanyua kisu.

Wapo wanaohitaji mistari miwili. Hershel alikatwa kichwa na Gavana kwa upanga wa Michonne, mpiganaji mwenzao, msimu wa 4, episodi ya 8. Katika episodi ya 9 kile kichwa kiko chini, macho yanacheza, na ni Michonne aliyerudi kukituliza. Mtu aliyeandika “Hershel, Gavana, upanga” hajaandika uongo. Ila amemwacha nje Michonne, na kwa mwanamke yule tendo hilo lilikuwa maziko.

Utaniuliza kuhusu Lori, maana mwili hatukuuona. Ulisikika mlio wa bunduki tu, na baadaye Rick akakuta risasi sakafuni na zombi tumbo limemjaa. Mimi nimemwandika kwa kalamu. Uso wa Carl alipotoka mle chumbani unatosha kuwa cheti.

*

Mama, twakuamkia. Mimi na mume wangu tumenuniana kwa sababu ya Glenn. Yeye ashikilia kuwa Glenn alikufa pale kwenye pipa la taka na kwamba yule aliyerudi waandishi walimfufua tu. Mimi nasema aliuawa na Negan, yule adui mwenye rungu. Twamaliza vipi?
Mke mwenye haki, Mombasa

Hamjambo wanangu. Haki ni yako, dada, lakini mume wako ana sababu ya kuumia kwake na usimdharau.

Msimu wa 6, episodi ya 3, iliyoonyeshwa Oktoba 25, 2015: Glenn na Nicholas wamepanda juu ya lile pipa kubwa la chuma, mazombi wamewazingira kila upande. Nicholas anakata tamaa, anajipiga risasi, anaanguka na kumvuta Glenn. Tunaona matumbo yakitolewa na uso wa Glenn ukipiga kelele. Kisha jina la Steven Yeun, mwigizaji wake, likaondolewa kwenye majina ya mwanzo wa episodi. Ilikuwa mwezi karibu mzima, mpaka Novemba 22, ndipo tukaonyeshwa kwamba yaliyoliwa ni matumbo ya Nicholas aliyelala juu yake, na Glenn akajiburuta chini ya pipa. Kuondoa jina mle ni kumghushia mtu cheti cha kifo, na mpaka leo nasema halikuwa jambo la haki kwa mtazamaji. Mume wako alilia kwa dhati mwezi ule, akalipwa hila.

Kifo chenyewe ni episodi ya 1 ya msimu wa 7, Oktoba 23, 2016. Msimu wa 6 ulikwisha Aprili kwa Negan kunyanyua rungu bila kutuonyesha linamwangukia nani, na Marekani peke yake watu wapatao milioni 17 walikaa kuangalia jibu. Wa kwanza ni Abraham, mwenzao. Daryl akarusha ngumi, na kwa ajili ya ngumi hiyo Glenn akawa wa pili, mbele ya Maggie mkewe mwenye mimba. Safu ya nne andikeni mstari tu, hakuna mtu. Rungu lilipiga kichwa, kazi zote mbili zikaisha kwa mara moja. Katika kitabu cha picha, ambacho tamthilia imetoka humo, pia Glenn alikufa vivyo hivyo, toleo la 100, mwaka 2012.

Mwambie mumeo aandike pipa kwa penseli, halafu alikate kwa mstari mmoja unaosomeka. Asilifute. Maumivu ya mwezi ule nayo ni kumbukumbu.

*

Nani ameanza mwanzo akafika mwisho?
Mvivu wa kuhesabu, Moshi

Daryl na Carol. Wote wawili tunawaona kwanza katika episodi ya 3 ya msimu wa kwanza, wote wawili wanapumua katika ya mwisho ya msimu wa 11. Mwanamke aliyekuwa akipigwa na mumewe kambini pale, hathubutu hata kujibu, ndiye aliyewazika karibu wote. Rick na Morgan wa episodi ya kwanza kabisa waliondoka hai njiani. Morgan alihamia tamthilia dada, Fear the Walking Dead. Rick nitamjibu chini.

*

Mama Masjala, nimesoma vitabu vya picha vya Robert Kirkman na orodha yangu haiendani kabisa na ya televisheni. Ipi ya kweli?
Msomaji, Nairobi

Zote mbili, lakini katika madaftari mawili tofauti. Usijaribu kuzioanisha, utaumwa kichwa bure. Vitabu vilianza 2003 vikaisha 2019 na toleo la 193, na tamthilia iliazima watu ikawapa ajali nyingine.

Linganisha wachache. Carol wa kitabuni alijitoa kwa zombi kule gerezani. Wa televisheni tumeshamsema. Sophia wa kitabuni alikua, akaolewa na Carl. Andrea wa televisheni alikufa mwisho wa msimu wa 3, akijimaliza mwenyewe baada ya kung'atwa, Michonne amekaa naye mpaka mwisho, wakati yule wa kitabuni aliishi miaka mingi akawa mke wa Rick. Mtoto Judith, yule Lori aliyemzaa gerezani, kitabuni alikufa mikononi mwa mama yake, na katika televisheni ni binti mwenye kofia ya sherifu na upanga. Daryl kitabuni hayupo kabisa.

Linalonigusa zaidi ni Carl. Kitabuni anafika mwisho, yeye ndiye anayefunga hadithi akiwa baba mwenye binti. Katika televisheni aling'atwa akimsaidia mgeni, Siddiq, na akafa Februari 25, 2018, msimu wa 8, episodi ya 9. Safu ya nne ina jina lake mwenyewe. Baba yake na Michonne wako nje ya kanisa bovu, wanasikia. Mtoto aliyempiga risasi Shane, aliyemfanyia mama yake lile alilomfanyia, hakukubali baba yake abebe zamu hiyo. Ukisoma safu ya nne kuanzia Shane mpaka hapo, jina Carl linakuja na kurudi, na utaelewa kwa nini kukatisha maisha yake kumewauma wasomaji wa kitabu kuliko kifo kingine chochote. Mimi ningemwacha hai.

*

Mama, nimefiwa na mama yangu mzazi mwaka jana. Nilikuwa nimeanza tamthilia hii na marehemu. Nilipofika Lori anajifungua nilizima, sijaweza kurudi. Dada zangu wanasema ni mchezo tu, nijikaze.
Yatima, Songea

Pole sana mwanangu. Mungu amlaze mama mahali pema. Hakuna anayekudai kurudi, na aliyekwambia ujikaze hajui ulikuwa umekaa na nani pale kwenye kochi.

Ukitaka kurudi, rudi na mtu pembeni, mchana, na ujue mapema wapi pazito. Msimu wa 4, episodi ya 14, ina watoto wawili, Lizzie na Mika. Iruke, nitakusimulia kwa barua ukinitaka. Mwanzo wa msimu wa 7 uruke pia. Msimu wa 9, episodi ya 15, vichwa kumi juu ya vijiti, pamoja na cha Henry, kijana aliyelelewa na Carol: zima mara Carol anapokaribia. Lakini kifo cha Rosita katika episodi ya mwisho kabisa nadhani utakiweza siku moja. Aling'atwa akimwokoa mwanawe, akapata muda wa kuwaaga watu, akalala kitandani na rafiki yake Eugene kando yake. Katika tamthilia nzima wachache sana walipewa muda huo. Nilipokuwa kazini niliona tofauti kubwa kati ya ndugu waliopata kuaga na wale waliokuta shuka limeshafunikwa, na waandishi walimpa Rosita kitu kikubwa.

Na kama wewe hukupata kuaga, niandikie. Hiyo haitachapishwa.

*

Heath alikwenda wapi?
Mfuatiliaji, Zanzibar

Penseli. Alipotea msimu wa 7, episodi ya 6, darajani, ikabaki miwani yake na kadi yenye herufi PPP. Tamthilia kuu haikumrudisha. Pale jirani na jina lake mwandike Morales, ili uone penseli inavyofaa: aliondoka na familia yake msimu wa kwanza kuelekea Birmingham, akasahauliwa, akarudi msimu wa 8 upande wa maadui bila familia, na Daryl akamuua.

*

Mazombi nao wahesabiwe?
Kijana wa Bukoba

Wale uliowajua wakiwa wazima, au waliopewa jina, ndiyo. Yule mwanamke nusu mwili anayejikokota majanini karibu na baiskeli, ambaye Rick alimwomba radhi katika episodi ya kwanza, mwandike Hannah. Mwaka 2011 walitoa hadithi fupi inayomwonyesha akiwa mama mwenye watoto wawili. Mwandike kwa kalamu.

*

Shikamoo Mama. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuliambiwa steringi hafi. Rick ndiye steringi. Kafa au hajafa?
Mzee wa kibanda umiza, Dar es Salaam

Marahaba baba, ingawa nahisi tunalingana. Hajafa. Msimu wa 9, episodi ya 5, Novemba 4, 2018, alilipua daraja kuzuia kundi la mazombi, na Daryl, Michonne na wengine wakiangalia wakaamini amekwisha. Sisi watazamaji tuliona zaidi: mto ulimtupa ufukweni, na mwanamke aitwaye Jadis akampakia kwenye helikopta. Kwa hiyo katika leja ya wahusika ni marehemu, katika leja yetu ni penseli. Kalamu ilipatikana 2024, katika tamthilia ya mwendelezo, The Ones Who Live, episodi sita, yeye na Michonne, mpaka wakawafikia watoto wao. Michonne huyo ni Danai Gurira, aliyekulia Harare, ambaye pia ndiye aliyeandika mchezo wa jukwaani Eclipsed alioigiza Lupita Nyong'o. Mwangalie vizuri mle, kwa kuwa safari ya kumtafuta mtu ambaye wengine wamemwandika maiti ni yake.

Barua za Fear the Walking Dead, hasa zile za Madison Clark, nazijibu toleo lijalo. Mkiandika, tajeni msimu mliofikia.