Kabla Hujakaa Kiti cha Dirishani

Umeme ulikatika saa saba na robo mchana, mgahawa umejaa, na kijana aliyekalia meza yetu ya miguu ya cherehani akainuka kuja kaunta kudai arudishiwe hela yake. Alikuwa amekaa tangu saa tatu asubuhi kwa kahawa nyeusi moja ya shilingi 3,000. Kikombe chake nilishakiondoa mezani mara mbili kwa macho na mara moja kwa mkono. "Dada, mimi nimelipia umeme," akaniambia, laptopu kwapani. Nyuma yake walisimama kina mama watatu waliotoka benki, wanatafuta pa kukaa wale chapati.

Sikumrudishia. Lakini jioni, nikiwa nafuta meza, nilijikuta nawaza kwamba yule kijana hakuwa mwongo. Kweli alidhani analipia umeme. Wale kina mama walidhani wanalipia chapati. Mzee wa bao, aliyefika kila siku saa kumi, alilipia mtu wa kucheza naye. Ni mimi na mwenye mgahawa tu tuliodhani tunauza kahawa.

Nilifanya kazi nyuma ya kaunta ile miaka mitatu, mtaani Soweto, hapa Moshi. Jina silitaji, maana nitasema na aibu zetu. Ulikuwa mgahawa wa mtu mmoja, mama mtu mzima aliyestaafu, na sote tulimwita Mama tu. Viti 22, hakuna viwili vilivyofanana: vingine vya shule, vingine stuli za baa iliyofilisika, na kochi moja lililopasuka ambalo watu waliligombea kama kiti cha enzi. Meza tatu zilikuwa miguu ya cherehani za zamani iliyogongewa ubao juu, na ukisahau ukakanyaga pedeli, gurudumu linazunguka. Ukutani magunia ya katani, redio ya mbao isiyolia, na kalenda za miaka iliyopita ambazo Mama hakukubali zitolewe kwa kuwa kila moja ililetwa na mteja. Rafu ya vitabu ilikuwa na riwaya, vitabu vya kidato cha nne na mwongozo wa kufuga nguruwe. Huo mwongozo ndio uliosomwa kuliko vyote.

Sasa mimi ni mteja kama wewe, na watu huniuliza mbona kila mgahawa ninaoingia napokelewa vizuri. Sina uchawi. Nilikaa upande wa pili tu.

Nianze na kiti, maana ndicho kinachogombanisha watu. Mgahawa mdogo una saa zake. Kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu asubuhi, na kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi alasiri, kaa utakavyo, hata kwa kikombe kimoja. Unatusaidia. Mgahawa wenye watu huita watu, na mtupu hufukuza. Wateja wa kwanza tulikuwa tunawakalisha dirishani makusudi, kama chambo. Ila saa sita na nusu hadi saa nane mchana usikalie peke yako meza ya watu wanne. Ile kahawa ya 3,000, ukitoa gesi, luku, kodi ya pango na mshahara wangu, ilituachia kiasi kisichofika nauli ya bodaboda ya kwenda Majengo. Kiti kikishikwa kwa muda wa saa nne kwa faida hiyo, Mama anakulipia wewe ukae.

Na kama mfuko ni mwembamba, sema. Msichana mmoja wa chuo aliwahi kuniambia bila kupepesa, "Dada, nina buku mbili na nina ripoti ya kumaliza." Nikamwonyesha meza ndogo ubavuni mwa jiko, penye soketi ambayo wateja wengi hawakuijua, nikamletea chai ya tangawizi ya shilingi 1,000 ambayo haikuandikwa kwenye menyu. Alikaa pale miezi miwili. Kijana wa cherehani angesema vile, angepata vile vile.

Kabla ya Moshi niliishi Temeke, na kahawa nilijifunzia kijiweni. Mzee na mdila wake juu ya jiko la mkaa, vikombe visivyo na mkono, ndoo ya kusuuzia, kashata za karanga kwenye sahani. Shilingi 100 kikombe, siku zile. Pale hakuna anayekuhesabia saa, na watu hudhani ndiyo maana kijiwe ni bure. Jaribu ukae siku tatu hujachangia neno, hujamnunulia mtu kikombe, hujauliza hali ya mgonjwa wa mtu. Siku ya nne ukifika utasikia mazungumzo yanashuka sauti. Bili ipo, ila haiji kwa karatasi. Mgahawa wa mtaa uko katikati ya kijiwe na hoteli, na wengi wetu tunaingia tukitaka uhuru wa kijiwe na huduma ya hoteli kwa pamoja.

Kuna jambo la menyu pia, na hili kwa watu wa Moshi ni kidonda. Mji wetu umejulikana miaka mingi kwa mnada wa kahawa. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ipo tangu 1933. Mtu amekulia Kibosho chini ya migomba na mibuni, ada yake ya shule imetoka kwenye buni, lakini nyumbani wamekunywa chai maisha yao yote, kwa sababu kahawa ilikuwa ya kuuza. Akifika kwetu akaona late, kapuchino, makiato, anaona aibu kuuliza kuliko mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Basi ananyoosha kidole kwenye bei ya chini kabisa, espreso, ile kahawa nzito isiyo na maziwa, kisha anakitazama kile kikombe cha vidole viwili kama mtu aliyepunjwa mizani.

Dawa yake ni rahisi: acha majina, sema unachotaka. "Nipe kubwa, yenye maziwa, isiwe chungu sana." Jina ni kazi ya mhudumu. Na sukari weka. Onja mara moja kabla ya kuitia, ili ujue unafunika nini, halafu weka vijiko vyako vitatu na asikutazame mtu.

Somo la kuuliza nilipewa na babu mmoja wa Uru aliyeletwa na mjukuu wake siku ya Krismasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza hii kahawa ni daraja gani. Nikajibu kifua mbele: "AA, babu. Ya juu kabisa."

Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kukoboa. "Mjukuu wangu, AA ni ukubwa wa punje. Zinapita kwenye chekeche, kubwa huku, ndogo kule. Chekeche halina ulimi." Akaniomba kiganja cha kahawa, akachambua akatoa punje mbili za mviringo kama njegere. Hizo ni PB, akasema. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana, ndiyo maana kila moja ina upande bapa. Likitokea lenye punje moja, hiyo inajizungusha peke yake. Nilikuwa nimeuza kahawa mwaka mzima bila kulijua hilo.

Kwa hiyo usiulize kama ni AA. Uliza imekaangwa lini. Kahawa iliyokaangwa ndani ya wiki chache zilizopita ina harufu inayokufuata mpaka mlangoni. Iliyokaa miezi kwenye mtungi wa kioo juani ni pambo. Mhudumu akikutajia siku, uko mahali pazuri. Akianza kukuonyesha picha ya mlima kwenye pakiti, agiza chai.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike haya yote.

Masika moja umeme ulikatika usiku kucha, na friji nalo likalala. Mimi nilikuwa na mafua, pua imeziba. Asubuhi nikachemsha maziwa kwa mvuke, yakatoa povu zuri, nikamimina late nne. Wateja watatu wakaonja. Nikapita mezani, nikauliza, "Iko sawa?" Wakajibu mmoja baada ya mwingine: nzuri, nzuri dada, nzuri tu asante.

Wa nne alikuwa mama muuza mitumba wa soko la Memorial. Hakupaza sauti. Alikuja na kikombe chake mpaka pembeni ya kaunta, akaniita kwa kidole, akanong'ona: "Mwanangu, maziwa yamechacha. Usiwape wengine."

Nilipokwenda kukagua, kikombe cha kwanza kilikuwa kimemwagwa kwenye chungu cha ua. Cha pili kimefunikwa tishu, kama maiti. Cha tatu kilikuwa kitupu. Yule baba alikunywa maziwa yaliyochacha mpaka tone la mwisho, akaniambia ni nzuri, akalipa kwa lipa namba, akaondoka. Hakurudi tena. Ningefanyaje nimfuate, hata kwa jina simjui?

Nawaelewa. Tumelelewa kula tulichopewa na kushukuru. Ugenini huo ni utu, na sitaki mtu auache. Ila pale umenunua, na nyuma yako kuna wanaokuja. "Nzuri tu" yako inampa mwenzako kikombe kile kile. Fanya kama yule mama: mapema, kikombe kikiwa bado kimejaa, kaunta, si kwa kupiga kelele kutoka mezani, na useme kasoro yenyewe. Espreso ya kawaida hutoka mashineni kwa sekunde 25 hadi 30 hivi. Ikiwa kali kama ndimu, mara nyingi imepitishwa haraka; ikiwa chungu ya kukwaruza, imechelewa au kahawa imeungua. Kwa neno moja tu mhudumu anajua arekebishe wapi, na kukupa nyingine ni kazi ya dakika moja. Mashine yetu ilikula gramu 18 kwa kikombe, yaani vikombe hamsini na ushee kwa kilo. Kumwaga kimoja si msiba.

Msiba ni ile sauti ya dakika mbili kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, siku tatu baadaye, kutoka kwa mtu aliyekuambia nzuri. Ukitoa taarifa ukapuuzwa, andika, tena andika kwa herufi kubwa. Lakini anza kaunta.

Mengine ni madogo. Simu isiwe na spika. Mtoto akikimbia mshike, mashine ina mvuke. Chakula cha nje uliza kwanza. Mama alikataa maandazi ya mtu yeyote, lakini alimruhusu mteja wetu mmoja Mhaya aliyekuwa na kimfuko cha kahawa ya kutafuna kutoka Kagera, ile ya matunda ya mbuni yaliyochemshwa na majani kisha yakakaushwa. Kwao mgeni hukaribishwa nayo, na yeye alituona sisi ndio wageni wake, akawa anapitisha meza kwa meza. Bakshishi haikuwa lazima. Mtu aliyeniita jina langu nilimkumbuka kuliko aliyeniachia mia tano.

Lakini la deni lazima nilisimulie kwa kirefu kidogo. Mama alikuwa na daftari la mraba la madeni. Mwalimu mmoja, mteja wa kila asubuhi, alifika 7,500, mwezi ukawa mbaya, akaacha kuja. Kilichoniuma hakikuwa hela. Nilikuwa namwona kupitia dirishani akifika kona, anavuka barabara, anapita upande wa mtaro, kisha anavuka tena mbele. Mvua ikinyesha anavuka hivyo hivyo kwenye tope. Ukiwa na deni la mgahawa, ingia na 500. Huna 500, ingia usalimie, useme mwezi huu umenikalia vibaya. Hakuna mwenye duka la mtaa asiyejua maneno hayo; naye anayasema kwa mtu mwingine.

Kumbe kila Desemba Mama alikaa na lile daftari na kalamu nyekundu, akafuta madeni yote yaliyo chini ya 10,000. Hakumwambia mtu, aliogopa wateja wangezoea. Mwalimu alivuka barabara miezi mitano akikimbia deni ambalo halikuwepo.

Nilikutana naye soko la Mbuyuni nikiwa nimeshaacha kazi, nikamwambia. Alinyamaza, akageuza nyanya moja mkononi, akauliza kama Mama bado anafungua saa mbili. Kesho yake nilipita pale kunywa kahawa yangu nikamkuta dirishani. Alikuwa bado anakumbuka kwamba kile kiti kina mguu mfupi. Alikunja gazeti mara nne, akalisukuma chini, akakaa.