Kabla hujaingia chini ya behewa, nisikilize kidogo

Wadogo zangu wanaotaka ufundi wa mabehewa ya mizigo wananiuliza sana kama kazi inalipa. Inalipa kiasi, ila mi ningependa waanze kuuliza jinsi ya kurudi nyumbani na vidole vyote kumi. Nilianzia reli ya kati, hii ya geji ya mita moja, yaani upana kati ya reli na reli, kijana wa kubeba spana tu, sasa hivi nakagua mwenyewe na bado naogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Kitu kinachowachanganya wageni ni breki. Bomba la upepo linaanzia kwenye kichwa cha treni linapita mpaka behewa la mwisho, likijaa kama bar 5 hivi breki zinaachia, upepo ukipungua kwenye bomba, ule wa akiba kwenye tangi la behewa unaingia kwenye silinda ya breki ndo zinabana, ndo maana treni ikikatika njiani hosi, yaani mipira ya upepo kati ya behewa na behewa, zinaachana, upepo wa bomba unatoka na vipande vyote viwili vinajibana vyenyewe. Sasa we fundi elewa hapa: behewa lililosimama limeshikwa na upepo ulioko kwenye silinda yake, na ukiutoa ili ubadilishe bloku, ile inayobana gurudumu, hakuna kitu kingine kinacholishika. Kwahiyo bendera nyekundu kwanza, dereva na shanta, yule anayepanga mabehewa yadini, wajue upo chini, alafu kabari kwenye magurudumu, pande zote mbili, alafu ndo ufunge koki ya bomba na kutoa upepo wa silinda. Usipindue huo mpangilio hata siku moja hata kama mvua inakunyeshea.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa wawili, mwenzangu akatoa upepo kabla sijaweka kabari, na ile yadi ina mteremko ambao kwa macho huuoni kabisa. Behewa la saruji, limejaa, likaanza kwenda taratibu bila sauti yoyote, likasogea kama hatua mbili hivi. Alikuwa amechomoa mkono muda huohuo kufuata spana. Tulikaa kwenye kokoto hatuongei.

Ukaguzi nao, treni ikiwa inaingia usikae ofisini unasubiri isimame, toka nje usimame pembeni usikilize, maana gurudumu lililoburuzwa na breki linapata ubapa na linagonga gwa gwa gwa kila likizunguka, likishasimama huwezi kulisikia tena. Beringi iliyochemka utainusa kabla hujaiona, ile harufu ya grisi kuungua, we peleka nyuma ya kiganja karibu na boksi la beringi bila kugusa, linganisha na la jirani yake, moja likiwa na joto la ajabu kuliko wenzake hilo behewa haliendi. Ekseli ikikatikia njiani na mzigo juu, Mungu atusaidie. Flenji, ule ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke relini, pima kwa geji yake ya kupimia, usipime kwa jicho hata uwe na miaka ishirini kazini. Na zunguka upande wa pili jamani, wengi wanakagua upande wenye taa tu alafu wanasaini treni nzima.

Hapo kwenye kusaini ndo pagumu. Treni imechelewa, simu zinapigwa, mkubwa anakwambia behewa moja tu fundi, liache lifike mbele watalitengeneza. Nilishaambiwa hivyo zaidi ya mara moja. Mimi huwa najibu kwa heshima, mkuu nikilitoa kwenye treni sasa hivi tunapoteza saa moja, likianguka tunafunga njia nzima na kwenye kichwa kuna watu wenye familia. Nikishasema hivyo naandika chaki kwenye behewa, naandika namba yake, saa na ubovu kwenye daftari langu mwenyewe, mbali na kitabu cha kazi. Hilo daftari nunua wiki ya kwanza, pamoja na tochi mbili, maana moja itakufia usiku ukiwa katikati ya mabehewa arobaini.