Fundi wa Zege Malindi: Ugomvi Uishe Kabla ya Kumwaga

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi hapa Malindi huja wakati hauna faida tena. Baraza limeshapasuka, nondo zimeshatoa kutu, na fundi yuko Watamu au Mambrui kwa kazi nyingine, simu haishiki. Zege lina tabia hiyo: ubaya wake hufunikwa saa ile ile linapomwagwa. Kwa hivyo maneno makali, yawe ya mchanga, ya maji au ya pesa, yasemwe kabla mfuko wa kwanza haujachanwa.

Anza na hesabu, ndiyo njia ya haraka ya kumjua fundi. Tuseme ni sakafu ya baraza ya mita 6 kwa 4, unene sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, itaingia mifuko 16 ya kilo 50, mchanga kama mita za ujazo 1.1 na kokoto 2.2. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa kinachomwagika na kupotea. Mwulize fundi kabla hujamtajia jibu. Akisema mifuko 10 yatosha, amekusudia 1:3:6, zege la kusawazishia chini ya msingi. Akisema 25, kuna nyumba nyingine itakayojengwa kwa simiti yako. Saruji iwe ya daraja la 42.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko), ile ya 32.5 ni ya lipu na ya kujengea mawe.

Vifaa nunua mwenyewe na upokee mwenyewe. Siku ya kazi, mifuko mitupu isitupwe. Irundikwe pahali pamoja, ihesabiwe jioni. Mchanga na kokoto vipimwe kwa sanduku la mbao la sentimita 40 kwa 30 kwa 30, ambalo ni karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kupima kwa beleshi ni kubahatisha, na wilibaro iliyojaa kichuguu si sawa na iliyosawazishwa.

Mchanga ndio unaoangusha kazi nyingi za huku pwani. Wa ufuoni usiukubali hata ukipewa bure. Wa Mto Sabaki ni mzuri, ila uliza umechotwa wapi: karibu na mlango wa mto maji ya bahari hupanda na kushuka, na mchanga wa hapo una chumvi. Tia kidogo ulimini. Chumvi nyingi utaijua papo hapo, ingawa iliyo kidogo ulimi hauioni. Halafu kuna tope. Mto huo ndio unaoigeuza bahari ya Malindi rangi ya udongo msimu wa mvua, na tope lile lile laweza kuja na lori. Chukua chupa ya kioo, jaza mchanga nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi ya jikoni, tikisa kwa nguvu, kisha uiache kwa muda wa saa 3. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, lori lirudi lilikotoka.

Chumvi kazi yake ni kula chuma. Saruji huivisha nondo ngozi nyembamba inayozuia kutu. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani, kwa mstari mrefu unaofuata nondo. (Kuta za magofu ya Gede ni za matumbawe na chokaa, bila nondo hata moja, na ndiyo sababu moja ya chumvi kutozipasua hivyo.) Nguzo na boriti zinazotazama bahari nondo zake zifunikwe kwa zege lisilopungua sentimita 4, bora 5.

Chungulia nondo zimeinuliwa kwa kitu gani. Mafundi wengi huokota vipande vya matumbawe vilivyo miguuni mwao. Jiwe hilo lina vitundu, hunyonya maji, na huenda lina chumvi, kwa hiyo unyevu umepewa ngazi ya kupandia hadi kwenye chuma. Afadhali vimiminwe vitofali vidogo vya saruji na mchanga wiki moja kabla, kila kimoja na waya wake wa kufungia.

Maji ndiyo vita vyenyewe. Mfuko mmoja unataka lita 25 hivi, na pungufu kama mchanga umelowa. Maji ya kisima chenye magadi au chumvi hayafai, hata ya kumwagilia baadaye. Utasikia: "Mama, zege hili kavu, vijana wataumia mikono." Mjibu kwa upole kwamba mikono utailipia, maji hayaongezwi. Kutoka lita 25 hadi 35 kwa mfuko kunaondoa karibu theluthi ya nguvu. Zege zuri likimwagwa kutoka karai hukaa kichuguu, kama sima isiyokomaa. Likitiririka kama uji limeshaharibika. Lishindiliwe vizuri, hasa pembeni mwa mbao, ambako vishimo hubaki.

Wakati wa kaskazi anzeni alfajiri. Upepo na jua hukausha uso kabla chini hakujashika, ndipo huja nyufa nyembamba siku ile ile. Vijana wakinyunyiza saruji kavu juu ili kuficha maji yaliyopanda, wazuie. Uso huo utabanduka kama gamba. Kesho yake sakafu ikatwe mistari ya kina cha sentimita 2.5, igawike vipande vinne vya mita 3 kwa 2, ili ufa ukija ufuate mstari.

Kumwagilia usimwachie fundi. Funika kwa magunia, yalowe mchana na usiku kwa siku 7, na huku kwenye upepo siku 14 ni bora. Mara moja asubuhi na mara moja jioni haitoshi ikiwa saa sita magunia yamekauka.

Pesa: patana kwa kazi nzima, si kwa siku. Asilimia 30 itoke baada ya wewe kukagua ardhi iliyoshindiliwa na nondo zilizofungwa, 50 siku ya kumwaga, 20 siku ya 14. Andikeni vipimo, mchanganyiko na tarehe kwenye karatasi moja, mtie sahihi mbele ya shahidi. Kama ni sakafu ya ghorofa na si baraza, mtafute mhandisi aliyesajiliwa, na nguzo za kushikilia zisitolewe mpaka yeye aseme.

Zege likishaharibika, piga picha zenye kipimo cha futi kando ya ufa kabla ya mtu kupaka lipu juu yake. Fundi akikataa kurudia, nenda kwa mzee wa mtaa kwanza. Asiposikia, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na waweza kujisimamia bila wakili. Beba ile karatasi, ujumbe wa M-Pesa na hesabu ya mifuko mitupu.