Mkuu, weka spana chini: hiyo nati siyo ya oili ya injini

Hiyo nati usiiguse. Umeandika kwamba Jumamosi unaingia chini ya Subaru Forester yako ya 2004 na spana namba 17, unafungua "ile nati ya katikati, nyuma kidogo ya injini", umwage oili mwenyewe ili fundi asile tena elfu 20 yako. Mkuu, hiyo ni nati ya giaboksi. Najua kwa sababu mwaka juzi niliifungua kwa mkono wangu huu huu, tena napiga mluzi.

Wenzetu hapo juu wamebishana kurasa mbili kuhusu uzito wa oili, 5W-30 na 10W-40, sintetiki na isiyo sintetiki. Sawa. Ila ukiimimina kwenye injini ambayo bado imejaa, hata ikiwa oili ya dhahabu inakuua tu.

Iko hivi. Kwenye hizi Forester za otomatiki, nati ya sampo ya injini (lile bakuli la oili la chini) na ya giaboksi zote zinafunguliwa na 17. Ya injini iko mbele, jirani na filta. Ya giaboksi iko nyuma yake. Ukisoma hapa ukiwa umekaa kwenye kochi unaona ni jambo dogo. Lala chali juu ya boksi la TV, mchanga wa Goba unakudondokea machoni, tochi ya simu umeing'ata mdomoni, halafu uniambie mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Mimi nilisita kidogo, nakiri. Nikapiga picha, nikamrushia shemeji yangu WhatsApp. Huyu shemeji aliwahi kubadilisha balbu ya taa ya pikipiki, tangu siku hiyo ukoo mzima unamwita injinia. Akajibu haraka kuliko picha ilivyofunguka: "Ndiyo yenyewe, fungua." Inaingia lita ngapi? "Nne. Mimina galoni zima, usiwe bahili." Hakuuliza kama ni otomatiki au manyuo. Hakuuliza hata kama hiyo picha ni ya gari langu au ni ya mashine ya kusaga. Na bado kwenye harusi za ukoo anakaa meza ya mbele!

Basi nikafungua. Ikatoka kahawia iliyoiva, nyepesi, karai likajaa. Haidroliki, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ikiwa mpya ni nyekundu, ningeshtuka, lakini ile ya kwangu ilikuwa imezeeka hadi imepoteza rangi, mimi nikasema moyoni "kweli oili ilikuwa chafu". Nikafungua filta, ikamwagika nyingine nyeusi tii. Rangi mbili tofauti kutoka gari moja, tena kwenye karai moja, na mwenye akili zake nimechuchumaa pale natazama na sijiulizi chochote. Nikafunga nati, nikafunga filta mpya, nikamimina lita 4 zote. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, sikuigusa. Ya nini, wakati nimeshapima kwa galoni?

Kwa hiyo injini ikawa na kama lita 8, giaboksi ikabaki na nusu yake.

Kesho yake Jumapili tunakwenda Bagamoyo kwenye harusi, familia nzima ndani na vitenge vya sare. Tumepita Madale, ule mlima wa kuelekea Wazo, nakanyaga mafuta, injini inalia kama inapaa na gari haliendi. Nikaongeza (ndiyo, niliongeza). Nyuma moshi mweupe, daladala zinanipigia honi, mama watoto ananiuliza kwa ile sauti ya upole ambayo wenye ndoa mnaijua, "Si ulisema umelifanyia sevisi?"

Breakdown ikatuburuta hadi Tegeta. Fundi hakushika hata spana. Alichomoa dipstiki ya injini, oili imepanda mbali juu ya alama na imejaa povu, akachomoa ya giaboksi, kavu. Akanitazama: "Kaka, nani amekumwagia?" Nikamwambia ni fundi mmoja wa Goba, simkumbuki jina.

Oili ikizidi vile, krenki (ule mhimili unaozunguka ndani ya injini) inaipiga kama mwiko kwenye uji, inageuka povu, pampu inavuta hewa badala ya oili, na inayobaki inatafuta njia: inapita kwenye bomba la kupumulia ikaungue, au inasukuma sili, zile za kuzuia oili isivuje. Injini yangu ilipona kwa sili mbili tu. Giaboksi ndiyo haikupona, ule mlima ulimaliza klachi zake. Ya mtumba, ufundi, breakdown, haidroliki, oili upya: milioni 2 na laki 2. Nilikuwa naokoa elfu 20. Piga hesabu ni sevisi ngapi hizo, mimi niliacha kupiga, inaniumiza tumbo.

Sasa usinielewe kwamba nakukataza. Namwaga mwenyewe hadi leo, kila kilomita 5,000. Ila nina sheria moja, na hii ndiyo iliyonifanya niandike yote haya: ukishamwaga, KABLA hujamimina hata tone, chomoa dipstiki ya injini, ifute, irudishe, ichomoe tena. Ikitoka kavu, endelea. Ikitoka na oili, umefungua nati siyo, funga kila kitu na usiwashe gari hata kulisogeza. Basi. Sekunde ishirini na kitambaa kichafu. Na hakikisha ni ya injini, maana Subaru hiyo ina dipstiki tatu, moja ni ya difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya mbele). Ukimimina, mimina lita 3 kwanza, pima, halafu ongeza kidogo kidogo.

Plagi ulizouliza zimekaa ubavuni mwa injini, mkono hauingii vizuri, wenye vidole vyembamba watakujibu. Uliuliza na kingine, timing belt nadhani. Hiyo mpe fundi.

Ila kabla ya Jumamosi tuma picha nyingine ya hiyo nati, mchana, filta ionekane pembeni yake. Na kama una shemeji, usimtumie yeye.