Barua kwa mwanangu: kwa nini 4294967297 inagawanyika

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata. Umeanza na 3, ukatoa 1, ukazidisha jibu kwa lenyewe, ukairudisha ile 1. Ukafanya hivyo tena na tena, ukapata 5, 17, 257 na 65537, na zote ni namba tasa. Sasa unauliza kama inayofuata, 4294967297, nayo ni tasa, na mtu asiye na kompyuta angejuaje bila kuzeekea kwenye kugawa.

Si tasa. Ni 641 × 6700417. Lakini uko na wenzako: mwanahisabati Pierre de Fermat, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, aliamini kwamba zote ni tasa, na imani hiyo ilidumu karibu miaka mia moja hadi mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, alipoivunja mwaka 1732.

Angejuaje? Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 65536 na ushee mdogo sana. Anayejaribu kila namba tasa iliyo chini ya hapo ana namba 6542 za kugawia, na hiyo ni adhabu. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi anza kuhesabu: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Tano tu! (Hata 257 iruke, maana namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1.)

Ninachokipenda zaidi ni kwamba, ukishaishika 641, huhitaji hata kugawa. Iandike kwa njia mbili: 5 × 128 + 1, halafu 625 + 16.

Tazama ya kwanza. 5 × 128 imepungukiwa 1 kufikia 641, kwa hiyo baki lake, ukiigawanya kwa 641, tuliite −1. Chukua 5 × 128 mara nne uzizidishe pamoja: baki linakuwa 1, kwa sababu −1 nne zikizidishwa zinatoa 1. Tano nne zikizidishwa pamoja ni 625, na 128 nne zikizidishwa pamoja ni 268435456. Kwa hiyo 625 × 268435456 inabakiza 1.

Njoo kwenye ya pili. 625 imepungukiwa 16, basi mahali pake weka −16. Sasa −16 × 268435456, yaani −4294967296, inabakiza 1. Geuza alama: 4294967296 inabakiza −1. Ongeza 1, hakibaki kitu.

Baada ya 65537 haijapatikana nyingine iliyo tasa. Ukiihesabu 3 kuwa ya sifuri, ile ya 20 imethibitishwa kuwa si tasa, ila hadi sasa hakuna aliyekiona kigawo chake hata kimoja. Ndiyo, inawezekana kujua kwamba kitu kinagawanyika bila kujua kinagawanyika kwa namba gani.

Ya kwako ya kufanyia mazoezi ni 18446744073709551617, ambayo mwanahisabati Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880. Hapa 64 inakuwa 128. Kigawo kidogo ni 274177: toa 1, uone kama 128 inaingia bila baki.

Baba yako